Kabla ya Kumwita Fundi: Tutunze Vyombo Vyetu vya Stima



Tulikwenda kukitembelea kikundi kimoja cha akina mama ambacho tumetembea nacho miaka mingi. Kilianza na merigoraundi ya kila Alhamisi, shilingi kidogo kidogo. Baadaye stima ilipofika hapo sokoni, wakanunua friji ya kuuzia maziwa lala, maji na soda baridi. Biashara ilienda vizuri na watoto kadhaa walilipiwa karo kutokana na friji hiyo.

Siku hiyo tulipofika tulikuta mambo si mazuri. Wamama walikuwa wameketi makundi mawili, na mweka hazina alikuwa peke yake kando. Tulipouliza kuna nini, mmoja akasema, "Mwalimu, friji imekufa, na pesa zetu zimekufa nayo." Kumbe fundi alikuwa ameitwa mara mbili. Kila mara aliongeza gesi, akalipwa, friji ikapoa wiki mbili tatu, halafu ikarudi palepale. Mara ya tatu akasema mashine yote imeharibika. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mweka hazina na fundi wanagawana pesa.

Tuliomba kuiona friji yenyewe. Ilikuwa imesukumwa hadi ukutani, karibu kabisa na jiko la chai. Mgongo wake ulijaa vumbi na utando wa buibui. Mpira wa mlango ulikuwa umepasuka na kuzibwa kwa kipande cha kanga. Na ndani ya sehemu ya barafu kulikuwa na mikwaruzo ya kisu. Tuliita fundi mwingine aliyesomea kazi hiyo. Alipaka povu la sabuni juu ya mkwaruzo mmoja, na sote tukaona mapovu madogo yakitoka. Hapo ndipo gesi ilipokuwa ikipotelea.

Mama mmoja akainuka, akasema kwa sauti ya chini, "Ni mimi niliyekwangua barafu kwa kisu. Sikujua." Hakuna aliyeiba. Ni kwamba hakuna aliyefundishwa.

Tangu mpango wa Last Mile uanze mwaka 2015, nyumba nyingi za vijijini zimeunganishwa na stima. Pasi ya makaa tuliizoea tangu utotoni, na hatari yake tuliiona kwa macho kwa sababu kaa lilikuwa jekundu. Stima haionekani. Ndiyo maana tumeonelea tuandike makala haya, ili kila kikundi kiyasome pamoja na kuyajadili.

KWANZA USALAMA

Stima ya majumbani kwetu Kenya ni ya volti 240. Hiyo inatosha kumuua mtu. Kwa hiyo kabla ya kusafisha au kukagua chombo chochote, shikeni haya:

1. Zima swichi ya ukutani, kisha chomoa plagi. Kuzima peke yake hakutoshi. Ukichomoa, shika plagi yenyewe, usivute waya.

2. Mikono iwe mikavu na miguu iwe na viatu. Usishike chombo cha stima ukiwa umesimama kwenye maji au sakafu iliyotoka kupigwa deki.

3. Usifungue kifuniko cha chombo kama hukusomea kazi hiyo. Televisheni zile za zamani zenye kisogo kikubwa, na pia maikrowevu, huweka stima kali ndani yake hata baada ya kuchomolewa.

4. Waya uliochunika haufungwi kwa nailoni wala plasta ya kidonda. Hubadilishwa.

5. Watoto wasiachiwe kuchomeka na kuchomoa.

PLAGI, FYUZI NA RANGI ZA WAYA

Matatizo mengi tunayoletewa huanzia kwenye plagi. Plagi yetu ni ile ya miguu mitatu ya mraba, na ndani yake kuna fyuzi. Fyuzi ni kama askari wa mlangoni. Stima ikipita kupita kiasi, yeye huungua kwanza ili chombo na nyumba vibaki salama.

Sasa tunafanya nini fyuzi inapoungua? Wengi wetu hukunja ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, au kipande cha waya, au hata msumari, tukaweka mahali pa fyuzi. Chombo kinawaka na tunafurahi. Lakini tumemwondoa askari. Siku stima ikizidi, kitakachoungua ni waya, na mara nyingi watu wamelala.

Fyuzi mpya ni bei ndogo sana. Kuchagua fyuzi, angalia wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chombo. Chombo cha chini ya wati 700 hivi, kama redio, taa ya mezani au televisheni, kwa kawaida hutumia fyuzi ya ampia 3. Pasi, birika la stima na vyombo vingine vya kutoa joto hutumia ya ampia 13. Friji hutumia wati chache, lakini huvuta stima nyingi kwa muda mfupi inapoanza, kwa hiyo fuata ile iliyoandikwa na kiwanda. Na fyuzi mpya ikiungua tena papo hapo, acha kununua nyingine. Hapo chombo au waya una shoti, na fundi ndiye anayehitajika.

Ukibadilisha plagi, rangi za waya ni hizi. Kahawia ni waya wa moto, ambao mafundi huuita laivu. Buluu ni nyutro. Kijani chenye mistari ya manjano ni waya wa kwenda ardhini. Katika nyaya za zamani utakuta nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa ardhi. Ukiifungua plagi na kuiangalia kwa ndani, mguu mrefu ukiwa juu, kahawia huenda kulia upande wa fyuzi, buluu huenda kushoto, na kijani huenda juu. Kaza skrubu vizuri. Waya uliolegea hutoa cheche na kuyeyusha plagi.

Tafadhali, waya wa ardhi usikatwe na mguu mrefu wa plagi usivunjwe. Kazi yake ni hii: ikiwa waya wa moto umegusa bati la pasi au mwili wa friji, stima ikimbilie ardhini na fyuzi iungue. Bila waya huo, stima inangoja mkono wako.

Kuna tabia nyingine tunayoiona karibu kila nyumba. Mtu ana plagi ya miguu miwili, inakataa kuingia, basi anachukua kalamu ya biro na kusukuma tundu la juu la soketi mpaka matundu ya chini yafunguke. Jameni, tuiache tabia hii. Matundu yale yamefungwa ili mtoto asiingize kijiti au waya. Nunua adapta inayofaa au badilisha plagi.

EKSTENSHENI NA HESABU YAKE

Vyumba vingi vya vijijini vina soketi moja au mbili tu, kwa hiyo tunategemea ekstensheni. Si vibaya, ila lazima tujue hesabu. Zidisha ampia kwa volti upate wati. Ekstensheni nzuri ya ampia 13 hubeba 13 mara 240, yaani wati 3,120, na si zaidi.

Sasa tuseme umechomeka birika la wati 2,000, pasi ya wati 1,200 na friji ya wati 120 kwa pamoja. Jumla ni wati 3,320. Umeshapita. Na ekstensheni nyingi za bei rahisi zina waya mwembamba usioweza kubeba hata nusu ya hiyo. Kwa hiyo birika na pasi visikae kwenye ekstensheni moja kwa wakati mmoja. Kama waya wa ekstensheni ni wa kuzungushwa kwenye gurudumu, ufungue wote kabla ya kuutumia kwa kitu kizito, kwa maana ukibaki umejikunja hupata moto. Usiupitishe chini ya zulia au mkeka, wala usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni.

Gusa plagi baada ya nusu saa ya kazi. Ikiwa ni moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, au umesikia harufu ya plastiki, zima mara moja.

FRIJI

Turudi kwenye friji iliyotuleta hapa.

Mahali pa kukaa. Friji haitengenezi baridi. Hutoa joto lililo ndani na kulitupa nje kupitia mgongo wake. Ukiibana ukutani au ukiiweka karibu na jiko au juani, joto halina pa kwenda, na mashine yake, yaani kompresa, hufanya kazi bila kupumzika. Acha nafasi ya kama upana wa kiganja, sentimita 10, nyuma yake.

Vumbi. Mara mbili kwa mwaka, au zaidi kama barabara yenu ni ya vumbi, chomoa friji na usafishe zile nyaya nyeusi za mgongoni kwa brashi laini iliyo kavu.

Mpira wa mlango. Chukua noti ya shilingi 100, ifungie mlangoni nusu ndani nusu nje, kisha ivute. Ikitoka bila kukataa, mpira umelegea mahali hapo. Zunguka mlango wote ukijaribu. Kwanza osha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa sababu mara nyingi ni uchafu wa maziwa tu. Ukiwa umepasuka, ununue mwingine.

Tuone hasara yake kwa hesabu. Friji ya wati 120 iliyo nzima inaweza kufanya kazi kama saa 12 kwa siku, maana hupumzika katikati. Hiyo ni yuniti 1.44. Mpira ukivuja na kompresa ikinguruma saa zote 24, ni yuniti 2.88. Tofauti kwa siku 30 ni yuniti 43 hivi. Zidisha hizo kwa bei mnayonunulia tokeni, mtaona mpira mpya ni nafuu kuliko kipande cha kanga.

Barafu. Ikifika unene wa kidole kidogo, ni wakati wa kuiyeyusha. Chomoa friji, toa vitu, acha mlango wazi, weka ndani sufuria ya maji ya moto juu ya kitambaa, na vitambaa vingine chini vya kunyonya maji. Barafu itaachia yenyewe. Kisu, bisibisi na msumari ni marufuku. Mabomba ya gesi yamepita ndani ya ukuta ule mwembamba.

Kupotea kwa stima. Stima ikipotea na kurudi upesi, usiwashe friji mara moja. Ngoja dakika 5 ili kompresa itulie. Ikilazimishwa kuanza ikiwa na mzigo inaweza kuungua. Kuna kifaa cha kuchomeka ukutani, mafundi na wauzaji hukiita friji gadi, ambacho hufanya kazi hiyo ya kungoja na pia hukata stima ikiwa ya chini mno au ya juu mno. Kwa kikundi chenye biashara ya friji, tunashauri kinunuliwe. Wakati wa giza usifungue mlango ovyo. Friji iliyofungwa hubaki na baridi kwa kama saa 4.

Kuhamisha. Ikisafirishwa ikiwa imelazwa kwenye pikapu, isimamishe na ingoje saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Kama maagizo ya kiwanda yametaja muda, fuata hayo.

Na jambo la mwisho kuhusu gesi, ndugu zetu, mlishike sana. Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya taa kwenye koroboi. Imefungwa ndani ya mabomba, na friji nzuri inaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuongezwa hata mara moja. Ikiwa gesi imepungua, basi kuna tundu. Fundi anayeongeza gesi bila kutafuta na kuziba tundu anawauzia wiki tatu za baridi. Tena friji nyingi za siku hizi zina gesi iitwayo R600a, ambayo hushika moto. Angalieni kibandiko. Kazi ya kuchomelea mabomba hayo ni ya fundi aliyefunzwa, madirisha yakiwa wazi na jiko limezimwa.

PASI

Pasi huharibika zaidi kwenye waya wake, pale unapoingilia kwenye mpini. Ni kwa sababu tunamaliza kupiga pasi na kuuzungushia waya ikiwa bado ya moto. Iache ipoe kwanza ikiwa imesimama, kisha uzungushe waya kwa ulegevu. Ikiwa pasi inawaka na kuzima ukisogeza waya, umekatika ndani. Chomoa na uipeleke ibadilishwe waya. Usiendelee kuushikilia mahali unapowakia.

Chini ya pasi pakishika nailoni iliyoungua, chomoa, acha ipoe ibaki vuguvugu, kisha sugua kwa kitambaa kilicholowa siki. Usitumie wembe wala stili wulu, hasa pasi yenye mpako wa rangi, maana ikikwaruzwa huanza kushika nguo.

Pasi ya mvuke hupenda maji laini. Maji ya visima vingi vya sehemu kavu yana chumvichumvi inayoziba matundu. Maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa safi yanafaa. Baada ya kazi, mwaga maji yaliyobaki.

BIRIKA LA STIMA

Mkiona birika linachukua muda mrefu kuchemsha na ndani kuna ukoko mweupe, ni chokaa ya maji. Ukoko huo hufunika elementi, joto halipiti, na mwishowe elementi huungua. Tokeni nazo zinaisha bure.

Dawa yake iko jikoni. Changanya siki na maji kwa kiasi sawa, mimina mpaka ukoko ufunikwe, chemsha, kisha zima na uchomoe. Ngoja saa moja. Kama hakuna siki, maji ya ndimu tatu nne katika nusu lita ya maji yatasaidia. Mwaga, suuza, halafu chemsha maji safi na uyamwage pia kabla ya kupika chai. Rudia kila mwezi kama maji yenu ni magumu. Onyo: usichanganye siki au ndimu na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Zikikutana hutoa hewa ya sumu.

Birika na kitako chake visizamishwe ndani ya beseni. Pangusa kwa nje kwa kitambaa chenye unyevu. Usiliwashe bila maji. Na wale wanaotumia ile koili ya kutumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kuoga, wachomoe kabla ya kuingiza mkono kupima joto. Usiingize kidole ati uone kama yamechemka.

REDIO NA TELEVISHENI

Maadui wa vyombo hivi ni vumbi, panya, mende na radi. Usifunike televisheni kwa kitambaa ikiwa inafanya kazi, kwa sababu matundu ya nyuma ni ya kupumulia. Pangusa kwa kitambaa kikavu. Usimwagie maji wala sabuni kwenye kioo. Usiweke kikombe cha chai wala chombo cha maua juu yake.

Wenzetu wa Kakamega na Kisii wanajua radi vizuri. Mawingu yakianza kunguruma, chomoeni plagi na pia waya wa eriali. Kuzima kwa rimoti hakusaidii, maana radi huruka swichi. Lakini chomoeni mapema. Radi ikiwa imeshafika juu yenu, kaeni mbali na vyombo na nyaya.

CHOMBO KIKIKATAA KUWAKA

Kabla ya kumwita fundi, pandeni ngazi hii hatua kwa hatua:

Hatua ya 1. Je, stima ipo? Angalia taa. Angalia mita kama tokeni zimeisha.

Hatua ya 2. Je, swichi kubwa ya nyumba imeruka? Ikiwa imeruka, chomoa vyombo vyote, irudishe mara moja tu, kisha chomeka kimoja kimoja. Kile kitakachoirusha tena ndicho kibovu. Ikikataa kukaa hata bila chombo chochote, ubovu uko kwenye nyaya za nyumba. Iacheni hivyo na mwite fundi.

Hatua ya 3. Je, soketi ni nzima? Chomeka chombo kingine kidogo mnachojua ni kizima, kama chaja ya simu.

Hatua ya 4. Je, fyuzi ya plagi ni nzima? Weka nyingine ya ampia ileile ujaribu.

Hatua ya 5. Kwa chombo kilichochomolewa, kagua waya kwa macho na kwa vidole toka plagi hadi mwisho. Tafuta palipokunjika, palipoungua, palipotafunwa na panya.

Hatua ya 6. Yote hayo yakiwa mazuri, ubovu uko ndani ya chombo. Hapo simama. Ni zamu ya fundi.

Chombo kikikutekenya hata kidogo unapokigusa, usipande ngazi. Zima ukutani, chomoa, andika karatasi "KIBOVU" na ukiweke mbali.

MTU AKIPIGWA NA STIMA

Usimshike kwa mikono mitupu, nawe utanaswa. Zima stima kwenye swichi kubwa. Kama haiwezekani, simama juu ya kitu kikavu, kama ubao au kiti cha plastiki, na umsukume atoke kwa mti mkavu. Akiwa hapumui, itisheni msaada, na anayejua aanze kumkandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka upesi. Hata akiamka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali, kwa kuwa moyo unaweza kusumbua baadaye. Waya wa nguzo ukianguka chini, hakuna kusogea kabisa. Zuieni watoto na mifugo, na mripoti kwa Kenya Power.

Moto wa stima hauzimwi kwa maji. Zima swichi kubwa kwanza, kisha tumia mchanga mkavu au kizima moto cha poda.

KUCHAGUA FUNDI

Hatudharau jua kali. Wengi ni mafundi hodari. Lakini muulizeni maswali: Umeona ubovu gani? Unaweza kutuonyesha? Kipuri ulichotoa kiko wapi? Mkibadilishiwa kitu, mpewe kile cha zamani mkononi, na risiti. Kwa nyaya za nyumba, mtafuteni mwenye leseni ya EPRA, ambayo ndiyo halmashauri ya kusimamia kawi tangu sheria ya mwaka 2019. Mwenye leseni hatakasirika mkimwomba awaonyeshe.

KILE KIKUNDI KILE KILIFANYA

Siku ile hatukuondoka mpaka wamama walipozungumza. Waliosema maneno ya wizi walimwomba msamaha mweka hazina mbele ya wote. Aliyetumia kisu hakutozwa faini, kwa maana wote walikubali kwamba kila mmoja alikuwa ameshawahi kukwangua barafu hivyo hivyo.

Kisha wakapatana mambo matatu. La kwanza, daftari la friji. Kila usafishaji, kila fundi na kila shilingi huandikwa, na husomwa kwenye mkutano. La pili, mfuko wa matengenezo. Kila siku ya soko sehemu ndogo ya mauzo hutengwa kabla ya kugawana faida, na haikopeshwi. La tatu, zamu. Kila mwezi wamama wawili wana kazi ya kukagua mpira, vumbi, barafu na plagi, na fundi akija wote wawili wawepo, si mweka hazina peke yake.

Friji ya zamani haikufaa kutengenezwa, iliuzwa kama vyuma. Waliuza maziwa bila friji kwa miezi mingi, asubuhi tu, mpaka wakapata ya pili. Hiyo ya pili imesimama kiganja kimoja kutoka ukutani. Jiko limehamishwa nje.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Ni vyombo gani vya stima tulivyo navyo kikundini na majumbani, na ni nani anayevitunza?

2. Katika nyumba zetu kuna fyuzi ngapi za karatasi ya sigara au waya? Tutaziondoa lini?

3. Mara ya mwisho tulipolipa fundi, je, tulijua alitengeneza nini?

4. Je, tumewahi kumshuku mwenzetu kwa sababu ya kitu tusichokielewa? Tulikimalizaje?

5. Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja akague plagi tatu nyumbani kwake na alete habari.

Kazi ya swali la 5 ni ya dakika kumi tu. Anzeni leo jioni, taa zikiwa bado zinawaka.